Ufunguo wa Nduruma

Mimi ni mkali. Nyumbani wanajua, kazini wanajua, hata mbwa wa jirani yangu pale Sakina anajua. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuunganisha zahanati sita na seva ya hospitali yetu mjini, niliweka sheria kali kama mimi: ufunguo wa siri haupiti kwenye simu.

Ufunguo wenyewe ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Unauweka kwenye seva, kisha unauweka uleule kwenye rauta, kile kisanduku cha mtandao cha zahanati. Rauta ikibisha hodi, seva inalinganisha. Zikifanana, njia inafunguka na majibu ya vipimo yanapita bila mtu mwingine kuyaona. Siri lazima iwe pande zote mbili kabla hazijaanza kuongea. Basi kila ufunguo niliuchapa kwenye karatasi, nikaupeleka kwa mkono wangu.

Zahanati tano nilizimaliza upesi. Ya sita, ya Nduruma, niliizungusha wiki tatu nzima, kwa sababu mganga mfawidhi wa pale ni kaka yangu.

Hatukuwa tumesemeshana tangu msiba wa mama. Siku ya mazishi, mbele ya ukoo mzima, nilimwambia, "Wewe ni daktari, halafu ukamwacha mama afie kitandani kwake!" Hakunijibu. Alinitazama tu, akaenda kupanga viti. Kwa miaka miwili nilijiambia kwamba angekuwa na la kujibu angejibu.

Mwenzangu wa kazini aliniona ninavyohangaika. "Nduruma nikupelekee mimi?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, nikajisikia nasema, "Hapana, naenda mwenyewe." Jinsi nilivyokuwa nimemkumbuka kaka yangu, we acha tu.

Asubuhi ya safari nilikata tawi la isale kwenye ua wa mwenye nyumba wangu. Kwetu Uchagani ukimpelekea mtu isale unamwomba msamaha, na hata usipotamka neno anajua umefuata nini. Nililificha kwenye begi la kompyuta. Sikuwa na uhakika kama nitalitoa.

"Shikamoo kaka," nikasema nilipomkuta kwenye baraza ya zahanati.

"Marahaba." Akawageukia wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. "Mnisubiri kidogo jamani, fundi wa mtandao amefika."

Fundi! Neno lile liliniuma, ingawa nililistahili.

Tukaingia ofisini kwake. Kwa utaratibu wangu, mfawidhi wa zahanati ndiye anayeandika ufunguo kwenye rauta yake. Nikampa karatasi, akaandika kwa vidole viwili, taratibu. Seva ikakataa. Akarudia, ikakataa tena.

"Umekosea kuandika," nikasema, kwa sauti ileile ya siku ya mazishi. Niliisikia mwenyewe.

"Inawezekana," akasema. "Hebu tusome wote."

Akaanza kunisomea herufi moja moja kwa kunong'ona, wagonjwa wasisikie, kidole chake kikitembea chini ya mstari. Ndivyo alivyonifundisha kusoma nikiwa bado sijaanza shule. Hapakuwa na kosa hata moja. Nikafungua kompyuta yangu, nikaingia kwenye seva. Loo! Mahali pa Nduruma nilikuwa nimeweka ufunguo wa Terrat, mojawapo ya zile zahanati tano.

"Ni mimi," nikasema. "Kaka, mimi ndiye niliyekosea." Machozi yakanitoka palepale, mtu mzima na kitambulisho cha kazi shingoni. Nikalitoa tawi la isale, limeshakunjamana kwa kubanwa na kompyuta, nikampa kwa mikono miwili.

Akalipokea. Akaanza kuyanyoosha majani yake yaliyokunjamana.

"Mama alikataa kwenda hospitali," akasema. "Nilimbembeleza, nikaleta gari mpaka mlangoni, akakataa. Akaniapisha nisikuambie anaumwa, kwa sababu ulikuwa kwenye mitihani na alijua ungeiacha."

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

"Ningesemaje, mama hata hajafukiwa? Nikaona heri unichukie mimi kuliko umkasirikie yeye."

Nilimshika mkono tu, nikalia mpaka nikaanza kukohoa. Akanipa pamba, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Haya, jifute. Weka ufunguo sahihi, kuna watu wanasubiri majibu yao."

Nikauweka. Safari hii seva haikukataa. Taa ya rauta ikawa ya kijani. Kaka alikuwa ameshalichomeka tawi la isale kwenye kopo la maji dirishani, lipate kutoa mizizi.

Bibi mmoja akachungulia mlangoni. "Daktari, fundi amemaliza?"

"Amemaliza, mama," kaka akajibu, mkono wake ukiwa begani kwangu. "Ila huyu si fundi. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja."