Fundi Aliyeliliwa Akiwa Hai

Saa saba mchana, mtaa wa Rugenge mjini Uvira. Vyerehani sita vinanguruma chini ya bati la moto. Inamahoro Georgette anakata kola ya shati la shule, kisha anaweka mkasi mezani, anatandika mkeka nyuma ya marobota ya vitambaa na kulala fofofo.

Mteja anashangaa. "Mama Délice iko mugonjwa?"

"Hapana," anajibu fundi mmoja bila kuinua macho. "Iko kazini."

Baada ya robo saa Georgette ameamka, anakata tena.

Tangu usichana, usingizi ulimvamia popote: kanisani, shambani, hata chakula kikiwa mdomoni. Kibaya zaidi, akicheka sana magoti yalilegea, akaporomoka. Wengine walisema kifafa, wengine mapepo. Aliombewa, akafungwa hirizi, mwishowe akajifunza kutocheka.

Mwaka 2002 vita vilipoingia mjini, alikimbia na mumewe, Félicien, aliyembeba binti yao Délice mgongoni. Walielekea mpaka wa Kavimvira. Njiani shemeji yake, Gédéon, akafungua kifurushi alichokumbatia tangu nyumbani, akakuta ni mto wa kulalia.

"Basi Burundi minye nitalala muzuri!" akasema.

Georgette akaangua kicheko. Papo hapo bunduki ikalia, naye akaanguka.

"Nilisikia byote," anasimulia. "Félicien ananitikisa, ananiita. Kope haiinuki, ulimi hausogei. Gédéon akasema, 'Risasi imemupata, kaka. Okoa mutoto.' Ndani minye nalia: niko muzima! Niko muzima!"

Walimfunika kitenge, wakakimbia. Nguvu zilipomrudia alitambaa mtaroni, kisha akavuka mpaka na wakulima wa bonde la Ruzizi. Kesho yake akawakuta ndugu zake wameketi msibani. Msiba wake. Gédéon alitimua mbio. Félicien alibaki.

"Alinishika uso kwa mikono miwili," anasema. "Akaniambia, 'Hata kama weye ni muzimu, sikuachi tena.'"

Miaka michache baadaye, daktari mmoja wa Bujumbura aliwaeleza kwamba ubongo una mdundo wake wa kuamka na kulala. Kuna kemikali ndogo, oreksini, inayoushikilia mdundo huo usiyumbe. Kwa Georgette, seli zinazoitengeneza zilikuwa zimekufa. Ndiyo maana usingizi ulimwingia mchana, na kicheko kilimlegeza viungo kama mtu aliye ndotoni ilhali yuko macho. Ugonjwa hauponi, ila unatawalika: kidonge, na kulala kidogo kwa saa zake.

"Nililia kwa furaha," anasema Georgette. "Kumbe si mapepo. Ni maladi, ugonjwa kama ingine."

Alirudi Uvira na cherehani kimoja. Tangu hapo vita vimemkimbiza mara mbili tena, na mara mbili amerudi na kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya kitenge. Leo anavalisha shule tatu, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira. Nusu ya mafundi wake ni wajane wa vita.

Mwezi wa nane Délice anaolewa. Gauni analishona mama yake mwenyewe, na Gédéon ameombwa kuwa msema chochote wa sherehe.

"Atuchekeshe bila huruma," anasema Georgette. "Minye nitacheka mbele ya batu bote. Nikianguka, banishike, tuendelee kucheza."