Mji Niliouchagua kwa Vikapu

Watu huchagua mji kwa kuuliza una nani kule. Una shangazi, una mtu wa kwenu wa kukupokea, una shehe au mchungaji wa kukutafutia chumba. Mimi niliichagua Johannesburg kwa sababu ya mchezo, na mpaka leo sijaona aliyechagua mji kwa akili kunizidi. Wanaocheka na wacheke. Hawajawahi kurusha.

Mchezo wenyewe ni gofu ya visahani. Hakuna mpira wala fimbo. Unarusha kisahani cha plastiki, kigumu kuliko vile wanavyochezea watoto ufukweni, mpaka kitue ndani ya kikapu cha chuma kinachoning'inia minyororo. Anayefika kwa kurusha mara chache ndiye bingwa. Niliujulia Durban, nilikokuwa nashona nguo. Mzee mmoja wa Kihindi aliniletea mkoba uliokatika zipu, nikakuta visahani vya kila rangi ndani yake, nikamuuliza kama anauza vyombo. Jumamosi iliyofuata akanichukua bustanini, akashusha vikapu viwili vya kukunja kutoka kwenye gari lake. Nilirusha hovyo asubuhi nzima. Kisha kimoja kikaenda chenyewe, kikapiga minyororo, ikalia, nami nikajua nimeshapata ugonjwa usio na dawa.

Baadaye mzee yule akamfuata binti yake ng'ambo, akaondoka na vikapu vyake. Nikabaki na visahani vinne na hamu isiyo na pa kwenda.

Na sisi wenyewe ilibidi tuhame. Mke wangu ni Mkongo wa Lubumbashi, msusi ambaye mkono wake haujui kukosea mstari. Mchana mmoja watu wa mtaani waliivunja saluni yake kwa sababu wenye saluni ni wageni. Walichukua vikaushio, viti, hata maboksi ya rasta. Majirani aliowasuka miaka yote walisimama milangoni mwao kama wanaotazama mvua. Alipoinama kuokota vitana vilivyosalia, aliinama peke yake. Tangu siku hiyo alikuwa anaongea, anapika, anasali, lakini kicheko chake hakikuonekana tena nyumbani kwetu, na mimi nilikikosa sana.

Dada yake mkubwa yuko Cape Town, ana duka na mumewe, na kila jioni alipiga simu kutuita. Mimi nikasema Johannesburg. Nikatoa hoja zangu kwa kujiamini: cherehani haichagui mji, nywele zinaota kila mahali, na kule kuna kiwanja kamili, vikapu kumi na vinane kati ya miti, vya kudumu, vimechimbiwa ardhini. Nilimwonyesha hata picha kwenye simu. Aliiangalia picha, kisha akaniangalia mimi.

"Papa, kule uko na nani?" akasema. "Bakituvunjia tena mulango, nani atatoka inje?"

Tukakubaliana hivi: mimi nitatangulia, yeye atakuja kuuona mji kwa macho yake mwenyewe. Akiukataa, tutahamia Cape Town, nami nitapima unga katika duka la mwanyumba wangu bila kununa. Mwanyumba wangu ni mtu mwema. Ila duka lake halina hata dirisha, na ningekufa mle ndani nikiwa mzima.

Sasa sikia nilivyotafuta chumba. Niliifungua ramani kwenye simu, nikaona upande wa kusini wa mji doa kubwa la kijani, Turffontein. Kiwanja kikubwa kiasi hicho kitakuwa cha nini tena? Nilimpigia mtu wa kwetu Tanga anayelinda geti la duka moja huko, nikamuuliza kama kweli kuna uwanja mkubwa wenye majani. Akasema upo, umezungushiwa uzio, unatunzwa kuliko watoto, na watu wanatoka mbali kuja kushindana. Nikamwambia anitafutie chumba dirisha likiuelekea. Akanitafutia, nikalipa kabla sijakiona.

Nilifika, nikatua mzigo, nikachukua mkoba wa visahani na kwenda moja kwa moja getini. Nikamuuliza mlinzi wa pale vikapu viko wapi. Akaniuliza kama nimeleta majani ya farasi. Ulikuwa uwanja wa mbio za farasi.

Kiwanja changu kilikuwa kaskazini kabisa, teksi mbili kutoka pale, ukishuka mjini na kupanda nyingine. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilisema heri, sasa ninao uwanja wa kutazama na uwanja wa kuchezea. Nilifunga cherehani dirishani, nikawa nashona huku farasi wanapita, na kila Jumamosi nikawa nakwenda kaskazini. Huko niliwakuta watu wanaocheza pamoja: fundi bomba mmoja mzee wa Kiafrikana, muuguzi wa Kizulu mwenye mrusho wa kutisha, na mwalimu mmoja wa hesabu. Hawakuniuliza natoka wapi. Waliniuliza narusha kwa mkono gani. Hewa ya Johannesburg ni nyepesi kwa sababu mji uko juu, na kisahani kilichokuwa kinaelea Durban, hapa kinakata kushoto mapema. Yule fundi bomba alinifundisha kulenga kulia zaidi, na kwa shukrani nikamshonea mkoba mpya.

Mke wangu alikuja mwisho wa kiangazi. Tiketi yake ya kurudi Durban ilikuwa ya Jumapili jioni. Kurudi huko kulikuwa ni kwenda kufunga mizigo, swali likiwa tu ya kuelekea wapi. Kwenye simu nilishamwambia kwamba uwanja uko mbele ya dirisha, na sikuwa nimeirekebisha habari hiyo. Asubuhi alifungua pazia.

"Papa, ile ni farasi."

Nikamwambia ndiyo, asubuhi wanafanya mazoezi. Akageuka, akaniona nilivyosimama na kikombe cha chai, uso wa mtu mwenye mji wake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kitandani, akafuta machozi kwa kanga, akaangalia tena dirishani, akaanza upya. Mimi nilitabasamu tu. Moyoni nilikuwa namshukuru Mungu na farasi wake wote.

Lakini kicheko hakikuwa jibu. Kilipoisha aliniambia kwa upole kwamba nimeitafutia familia mji ambao hata ramani yake siijui, na kwamba dada yake ameshatutengea chumba. Nikamwomba kitu kimoja, tuende kiwanjani kesho yake. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, ambayo yeye huiita siku ya posho kama watu wote wa kwao. Ijumaa ni yangu na msikiti, Jumapili ni yake na kanisa, Jumamosi haina mwenyewe. Akakubali.

Alitufuata kikapu baada ya kikapu, amekumbatia pochi yake kifuani, uso hausomeki. Wenzangu walimsalimu, akaitikia. Tulipofika kwenye kikapu kilicho ng'ambo ya kijito, muuguzi alitoa kisahani chekundu kwenye mkoba wake, akampa, akamwambia ni chako, rusha. Mke wangu alikataa. Muuguzi hakukipokea tena, akasogea pembeni kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja. Basi mke wangu akanipa pochi, akakirusha kwa hasira zote alizokuja nazo kutoka Durban. Kilipanda juu sana, kikakata kushoto, kikazama kwenye majani marefu kando ya maji.

Mchezo huu una sheria: kisahani cha mtu kikipotea, wote mnaocheza naye mnatafuta. Mimi nilishaizoea, sikuwa hata nimefikiria kumwambia. Yule mzee fundi bomba akaweka mkoba wake chini, akapiga magoti kwenye tope. Mwalimu akavua viatu, akaingia kijitoni. Muuguzi akawa anapasua majani kwa mikono miwili. Kundi lililokuwa nyuma yetu likafika, tukataka kulipisha lipite, nalo likakataa kupita, likaingia majanini pamoja nasi.

Mke wangu alisimama katikati yao, hajui mikono aiweke wapi. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Banatafuta yangu?"

"Wanatafuta yako," nikamwambia.

Alikaza kanga kiunoni, akainama, akaanza kutafuta na yeye. Nilimwona ameinama kati ya migongo ya watu asiowajua hata majina. Kama ni kuuona mji, nilitaka auone hapo hapo alipokuwa.

Tulitafuta sana, kupita muda ambao sheria inaruhusu. Hatukukipata. Mzee akainuka kwa shida, suruali imelowa mpaka magotini, akamwomba radhi mke wangu kana kwamba yeye ndiye aliyekipoteza. Nikamtafsiria. Akamtazama mzee, akayatazama yale majani, akapangusa tope mikononi.

"Mwambie asijali," akasema. "Tutakuya kuitafuta siku ya posho yenye inakuya."

Nikatafsiri hiyo nayo, wote wakaitikia kwamba sawa. Halafu ikawa zamu yangu. Nilirusha vibaya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nikapiga mti, na sikujali hata kidogo.