Somo Lililosikika Ndani ya Mashua ya Chole

Siku nisiyoweza kuisahau, mwanangu, ni ile niliyomwambia mama mmoja ndani ya mashua, "Ongeza sauti, dada, na sisi tusikie." Kila nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

Nakuandikia kwa sababu ya somo ulilonionyesha jana kwenye simu, lile la dakika tano la kuwafundisha vijana wenzako namna ya kuishi na huzuni. Limepangika. Maswali yake mazuri, picha zake safi. Lakini katikati umemweka rafiki yako analia. Nilipokuuliza kama ameridhia, ukanijibu, "Nimemficha uso, mzee." Nikakurudishia simu nikaondoka, maana ningekutukana. Leo nimetulia kidogo. Kidogo tu.

Mimi shule niliiacha darasa la sita kwa kushindwa kukaa mahali pamoja. Nimebeba mizigo bandarini Kilindoni, nimeosha mitungi ya wazamiaji Utende, kisha nikaangukia kutengeneza simu katika duka la Mhindi mmoja aliyenivumilia mno. Simu niliyoletewa niwekee kioo, mimi niliifungua yote, nione kuna nini ndani. Ndiyo hulka yangu. Popote nilipopita nilitaka kuona kuna nini ndani.

Ulipokuja mradi wa kuwafundisha vijana kutunga kozi fupi za mtandaoni kuhusu utulivu wa nafsi, wakanichukua niwasaidie mambo ya simu na kurekodi. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka, na mimi ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi. Kozi tulizoletewa kama mfano zilitungwa mbali. Moja ilisema: ukisongwa na mawazo, nenda ufukweni ukatembee peke yako. Vijana wakatazamana.

"Ufukweni si ndiko kazini?" akasema mmoja. "Mama yuko huko na mwani wake tangu asubuhi."

"Tena nitembee peke yangu?" akadakia mwingine. "Wataona nimepagawa, wanisomee dua!"

Tukacheka, tukakubaliana kila mmoja atunge somo kutokana na anayoyajua kwao. Kwanza waandike jambo moja linalowalemea, kwenye karatasi, na karatasi zibaki darasani. Hayo niliwaahidi mimi kwa kinywa changu.

Mwanahawa alikuwa binti wa miaka kumi na sita kutoka kisiwa cha Chole, mpole, mwenye mwandiko mdogo. Aliandika kuhusu baba yake. Juya lake la kuvulia samaki, lenye matundu madogo, lililokatazwa ndani ya hifadhi, lilichukuliwa kwenye doria. Tangu siku hiyo baba akanyamaza. Kila asubuhi huenda kukaa pale alipokuwa akilianika, akatazama mchanga. Mtu pekee anayekubali kula naye ni binti yake.

Msimamizi wetu aliisoma karatasi ile machozi yakamlengalenga. "Hiki ndicho kisa tulichokuwa tunakitafuta," akasema. Na mimi, badala ya kumkumbusha ahadi, nikakirekodi kwa sauti yangu mwenyewe. Mwanahawa nikamwita Asha. Hayo tu ndiyo niliyoyabadilisha. Somo likasambaa kwenye simu za watu, nikasifiwa, nikavimba kichwa.

Sasa rudi kwenye mashua. Tunavuka kutoka Utende kwenda Chole, tumebanana, na yule mama analisikiliza somo langu. Nikamwambia aongeze sauti. Nilitaka kuwatazama watu nyuso zao wakinisikia.

"Huyu babake Asha," akasema kijana mmoja, "kama namfahamu vile."

"Si umuulize mwenyewe," mwenzake akamjibu akicheka. "Huyo hapo kakaa nyuma yako."

Nikageuka. Baba yake Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye pembe, mkono juu ya kapu lake. Nchi kavu mtu hunyanyuka akaenda zake. Ndani ya mashua utakwenda wapi? Alikaa akalisikiliza lote, mpaka lile swali la mwisho nililolitia mimi: "Je, wewe ungemsaidiaje baba huyu?" Mashua ikakaribia ufuko. Maji yalipofika magotini akashuka, akatembea kuelekea kijijini bila kugeuka.

Kesho yake bibi yake Mwanahawa, Bi Tatu, alivuka akaja darasani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Unajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa mbele ya watoto?

"Ndiye wewe fundi simu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Ulimwuliza?"

"Nilibadilisha jina, bibi. Nilimwita Asha."

"Asha!" Alipiga makofi mara moja. "Ungemwita Asha, ungemwita Malkia, ungemwita paka! Chole ina watu wangapi waliochukuliwa juya wakakaa kimya? Mimi nimemjua hujamaliza hata kukohoa. Mtoto huyu ndiye aliyekuwa akila na babake. Jana kamtengea, baba kaisukuma sahani. Anasema kalea mchongezi. Haya, wewe mwenye kozi ya furaha, nifundishe, nikawaambieje wale wawili?"

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, hakunitazama.

Somo nikalifuta, lakini kwenye simu za watu lilibaki. Mradi ulipomalizika wenyewe waliondoka na picha zao. Hakuna aliyevuka kwenda Chole kuuliza nyumba ile imelalaje. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Watu wakitafuta samaki hapa huwekewa mpaka, matundu yakapimwa. Wakitafuta machozi ya watoto, nani aliwawekea mpaka?

Nilivuka mwenyewe. Nilimkuta baba mtu anasuka dema, mtego wa fito. Nikaomba radhi. Akaendelea kusuka. Nikakaa. Baada ya kitambo akanipa ncha za fito nizishike. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akasema, "Mngekuwa mmesema uongo nisingejali." Akafunga fundo. "Mtoto wangu akiwa na la kusema, aje kwangu kwanza."

Nikamweleza kwamba mtoto aliandika akijua karatasi haitatoka, na aliyeitoa ni mimi. Akaweka fito chini, akaita, "Mwanahawa! Lete chakula tule." Mimi hakunikaribisha. Nilistahili.

Miezi ikapita, binti akatunga somo lake mwenyewe, la dakika nne: namna ya kukaa na mtu aliyenyamaza. Usimwulize ana nini. Kaa naye, shika upande mmoja wa kazi yake. Kabla ya kumpelekea mtu yeyote alimsikilizisha baba yake. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia aondoe sentensi moja. Akaiondoa.

Ilikuwa sentensi gani? Sijui. Mimi niliyefungua kila simu iliyopita mikononi mwangu, hilo sikuliuliza na sitaliuliza.

Basi mwanangu, leo hii, kabla ya kula, nenda kwa rafiki yako. Usimpigie, nenda. Mchezee somo zima, na kidole chako kikae mbali na kitufe cha kutuma. Akisema futa, futa, hata kama ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Akinyamaza, hajakubali. Na ukikosa kisa cha mtu, tumia chako, uone uchungu wake. Ukija tena kwangu na habari za kuficha uso, shikamoo yako sitaiitikia.

Mwenyezi Mungu akufungue moyo kabla ya kamera yako. Na siku utakapolemewa, akujaalie mtu wa kukaa nawe ambaye simu yake ameiacha nyumbani. Amin.