Brashi Ngumu ya Makame

Leo nimeoa nikiwa na ndevu za shavu moja.

Asubuhi tulikwenda kunyolewa Jang'ombe kwa Makame, mimi na baba wa bibi harusi. Makame ana brashi mbili mpya za kupakia povu, kaletewa na shemeji yake baharia.

Mkwe alipakwa kwa ile ngumu, akaisifu.

Mimi shavu la kulia lilipakwa kwa ile laini, likanyolewa. La kushoto nikaomba ngumu. Kweli, povu lilijaa.

Yule shemeji baharia akaingia. "Hiyo ngumu ni nywele za nguruwe. Nyengine ya nyegere."

Tulikosha nyuso mpaka sabuni ikaisha. Kunyoa tena, nani?

Msikitini mkwe kanishika mkono aniozeshe, akaninong'oneza: "Lakini ile ngumu nzuri."

"Nimekubali," nikamjibu.

Sheikh akaniambia nisubiri kwanza niulizwe.