Leona na Hesabu ya Vinyesi vya Kulungu

Kila Aprili, theluji ikishayeyuka na majani mapya hayajachomoza, Leona Hetrick huvaa mabuti ya mpira, akachukua fimbo yake na kuingia msitu wa serikali kuhesabu vinyesi vya kulungu. Ni kazi ya kujitolea. Ofisi ya misitu humpa ramani yenye mstari, naye huufuata kupanda na kushuka, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Kila akikuta fungu la vinyesi ndani ya urefu wa fimbo, huweka alama kwenye daftari. Kwa hesabu hiyo ofisi hukadiria kulungu waliopo, ikajua itoe vibali vingapi vya kuwinda majike na wapi miti ikatwe.

Siku nyingine zote ni mpishi wa shule, mama wa miaka hamsini na minane, na katika milima ile ya Pennsylvania hakuna mtoto asiyezijua tambi zake za kuku.

"Wake wa wenzangu wanakusanya vikombe vya maua," mumewe Burdette hupenda kusema. "Wangu mimi anakusanya mavi!"

"Sikusanyi, nahesabu tu. Ningekuwa nakusanya ungeyakuta kwenye buti lako."

Lakini mwaka ule utani ulipungua. Babu yake Burdette ndiye aliyejenga kibanda cha wawindaji, wanachokiita kambi, kando ya msitu ule. Zamani walilala humo wanaume kumi na wanne. Sasa wamebaki wanne, na kwa miaka mitatu hawakuwa wameona kulungu hata mmoja. Wakakubaliana kwamba msimu huu ukipita hivyo hivyo, kibanda kifungwe. Leona alijua maana yake. Tangu Burdette astaafu, kambi ile ndiyo pekee iliyomwinua kutoka kwenye kiti chake mbele ya televisheni. Kila akipiga magoti alimwombea.

Siku aliyorudi na daftari, alimkuta Delbert Yeager, mwenzake Burdette wa kambi, amekaa jikoni.

"Shemeji, tusaidie," Delbert alisema. "Andika sifuri. Wakiona sifuri hawatatoa vibali vya majike, na kulungu wataongezeka."

"Delbert, Jumapili napokea kikombe cha Bwana kwa mkono huu. Jumatatu niuandikie uongo? Tena uongo wa mavi?"

Wakacheka, hata Burdette.

"Haya, ukweli ni upi?" akauliza.

"Kule kwenye miti mikubwa mnakokaa kuvizia, mafungu sita. Ng'ambo ya kijito, pale ofisi ilipokata miti miaka mitano iliyopita, themanini na matatu. Niliacha kuimba, maana nilikuwa napoteza hesabu."

"Pale?" Burdette akashangaa. "Si wamepaharibu! Visiki na miiba mitupu. Na sasa wanataka kukata miti ya mteremko wa nyuma ya kambi. Ndiyo maana tumeandika barua ya kupinga."

"Wewe ukiwa na njaa unatafuta dari nzuri, au unatafuta chakula?" Leona alimuuliza kwa upole. "Chini ya miti yenu jua halifiki. Kuna majani ya kangaga tu, na kulungu hawali kangaga. Pale ng'ambo chipukizi zimejaa. Burdette, babu yako alipochagua lile jiwe mnalokalia mkivizia, miti ilikuwa inamfika kiunoni. Picha yake akiwa pale si ile ukutani? Miti imekua, kulungu wamehama, na nyinyi mmebaki na jiwe."

Miezi yote hadi baridi iliporudi, mara kwa mara Burdette alisimama mbele ya ile picha.

Siku ya kwanza ya msimu aliondoka alfajiri na fulana yake ya wawindaji ya rangi ya chungwa, bila kusema anakwenda wapi. Saa sita mchana Leona alipofika kambini na sufuria, alisikia mlio wa bunduki. Ulitoka ng'ambo ya kijito.

Burdette alirudi mikono mitupu, uso mwekundu, anahema.

"Nimekosa! Leona, dume! Pembe kama matawi! Na majike manne nyuma yake! Nilitetemeka mpaka nikapiga kisiki!"

"Kakosa!" Delbert alipiga kelele. "Mkasi! Mkasi uko wapi?"

Desturi ya kambi inajulikana: anayekosa kulungu hukatwa ncha ya shati, ikapigiliwa ukutani. Lakini ili ukose, lazima kwanza umwone wa kumkosa, na ukuta ule haukuwa umepata kitambaa kipya kwa miaka. Burdette aliinama mwenyewe akatoa shati nje ya suruali, huku akicheka mpaka machozi.

"Kesho nakaa pale mimi," Delbert alisema, kipande cha shati mkononi.

"Katafute kisiki chako! Na ile barua ya kupinga, jina langu lifute."

"La kwangu nalo." Delbert alipanda kiti, akapigilia kitambaa, kisha akatazama juu na kuguna. "Jamani, paa hili linavuja. Kiangazi lazima tuezeke upya."

"Mabati tutayapata kwa binamu yangu," Burdette akajibu.

Wakaanza kubishana mabati au vigae. Leona aliwapakulia tambi za kuku, huku akimshukuru Mungu kimoyomoyo.