Kibao cha Kidato cha Pili

Darasa langu lilikuwa bubu. Nikiuliza swali kwa Kiingereza, wanafunzi wote thelathini na tano wanainamisha vichwa kama waliodondosha sindano. Mkuu wa shule alishaniambia wazi: mkaguzi akija akawakuta wamenyamaza, nitashushwa bondeni, Mtowisa, nikafundishe darasa la kwanza. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, na pale Milanzi, jirani na shule, mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani hana mtu mwingine wa kumgeuza. Nilichanganyikiwa.

Nikaleta kibao. Nilikivaa mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi na nilikichukia, lakini ukishikwa pabaya huchagui. Ni kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Ukitokwa na neno la Kiswahili au la Kifipa unavishwa shingoni, nawe unavizia mpaka umnase mwenzako umvishe yeye. Jua likikuchwea nacho, unakwenda kulima peke yako shamba la shule, yale matuta yetu ya duara ya kufukia nyasi.

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Hata wale wawili watatu waliokuwa wakijaribu wakafunga midomo. Nani aanze sentensi ya Kiingereza asiyojua kama ataimaliza bila Kiswahili, na mwenzake wa pembeni amemtegea sikio? Nikafoka. Nikawaita kupe. Jumapili nililia kanisani, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani.

Juma lililofuata, ghafla, wakaanza kusema. Mmoja alikuwa akieleza jinsi ya kupika ugali wa ulezi, akakwama, akachomeka Kiswahili, akaendelea. Hakuna aliyemrukia. Wengine wakacheka, wakadakia, wakabishana. Nilifurahi mno hata sikujiuliza kwa nini. Kibao kilikuwa kwa msichana mmoja mkimya, mtoto wa wakulima wa huku juu, na kila jioni nilimwona shambani na jembe, upepo wa Juni ukimpiga. Siku nne mfululizo. Nikamwona mzembe tu.

Mkaguzi alikuja Ijumaa. Darasa lilimwaga Kiingereza, kibovu lakini kingi, nami nikapumua kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Kisha akamnyooshea kidole yule msichana, kibao shingoni, ambaye viganja vyake vilikuwa vimejaa malengelenge.

"Na huyu vipi, Mwalimu?"

"Huyo ndiye mvivu wao, Ndugu."

Mkaguzi akamwamuru akivue kibao.

Msichana alisimama, mkono umekishika kibao. Kwa Kiingereza, polepole, bila kutafuta neno, akaomba aachiwe. Alisema akikivua kitakwenda kwa mwingine, huyo ataanza kuvizia, na wenzake watanyamaza tena. Yeye havizii mtu. Akaongeza kwamba matuta yaliyobaki si mengi, atayamaliza.

Niliviangalia viganja vyake. Mkaguzi alicheka kwa furaha, akamsifu kwa sentensi ndefu namna ile, akaandika kwenye daftari lake kwamba kibao kimefanya kazi na madarasa yote yaliyobaki yaletewe. Akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza. Wanafunzi wote thelathini na tano walikuwa wananitazama usoni.

"Sina, Ndugu," nikajibu.