Mkwe Anajulikana kwa Taa za Nyuma

Mke wangu huwaambia wageni kwamba aliolewa akamkuta bi mkubwa ndani. Bi mkubwa mwenyewe ni gari langu, kijigari cha rangi ya fedha kilichotumika Japani hadi kikachoka, kisha kikaletwa kumalizia uzee wake Area D. Jumamosi asubuhi, wanaume wenzangu wakiwa kwenye supu, mimi niko uani na kaptula, sifongo na ndoo mbili. Ndoo mbili tu, maana maji ya simtanki yana mwenyewe, na mwenyewe husimama mlangoni ameshika kiuno.

"Leo unamwogesha na mgongo?" huniuliza.

Namjibu kwamba mgongo ndio wenyewe. Tairi nazisugua kwa brashi ya viatu, dashibodi naipaka mafuta ya alizeti ing'ae. Mchana upepo ukianza, vumbi lote la Dodoma linakuja kunata pale pale kwenye alizeti, na kazi yangu inakuwa bure. Jumamosi inayofuata narudia, na mafuta yale yale. Nimeshashauriwa na watu wengi, asanteni.

Lakini ugonjwa wangu hasa ni taa za nyuma. Anayekutana nawe barabarani anakuona mara moja tu, fyu, ameshapita. Anayekufuata anakutazama mpaka Msalato. Sasa kwa nini nimwonyeshe mtu huyo taa za kawaida? Siku moja nikaona kwenye simu kijana mmoja amezitia taa zake weusi, gari likiwa limesimama huzioni, akikanyaga breki ndipo wekundu unachungulia kwa mbali. Usingizi ulinipotea.

Taa ya gari imegundishwa, na ili uifungue lazima gundi ipate joto. Yule kijana alitumia oveni. Mimi nilichukua sufuria la keki la mke wangu, nikamwaga mchanga chini, nikaweka taa, nikafunika, nikapanga mkaa juu ya mfuniko kama anavyofanya yeye. Ikalainika vizuri kabisa. Nikaifungua, nikabandika karatasi nyeusi ya tinti kwa ndani, nikaifunga, nikafanya na ya pili. Jumapili yake keki ya mtoto wa jirani ilinuka plastiki, na mpishi, yaani mke wangu, akalaumiwa kwa kununua unga mbaya. Nilikula vipande viwili nikasifia.

Jumapili iliyofuata tukaenda kijijini Haneti kwa mama mkwe.

Hapa lazima nieleze. Mimi ni Mhehe wa Iringa, Wahehe na Wagogo ni watani wa jadi, kwa hiyo na mashemeji zangu ni matusi mtindo mmoja na hakuna anayenuna. Kwa mama mkwe ni habari nyingine. Yeye ni Mgogo wa zamani, na kwa watu wa zamani mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja. Nikifika anaingia ndani, tunasalimiana mlango ukiwa katikati.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mkwe wangu. Mbukwa! Wa kwenu hawajambo?"

Naujibu ubao wa mlango. Jioni tukiondoka, akisikia gari limeshageuza, ndipo anatoka, anasimama penye ukuta wa jiko na kutupungia mpaka tunapopinda kwenye kona ya kanisa. Kwa hiyo katika ndoa yangu yote, kitu changu pekee alichowahi kukitazama kwa raha zake ni makalio ya gari.

Na ninampenda yule mama, niseme wazi. Siku ya posa wajomba walipogoma kabisa, eti binti yao haendi kwa Mhehe, yeye ndiye aliyesema neno moja kutoka nyuma ya mlango: "Mpeni." Wakanipa.

Basi Jumapili ile tukala, tukapewa karanga mbichi ndani ya jagi lake jekundu. Lile jagi lilikuwa maarufu. Lilikuwa la plastiki inayopenyeza mwanga, lina ua kubwa lililochomoza ubavuni, na yeye hulitoa likiwa limejaa na hulidai likiwa tupu. "Jagi langu lirudi," akasema kupitia mlangoni kama kawaida. Tukaondoka magharibi imeingia, mimi nimevimba kwa fahari na weusi wangu huko nyuma.

Kesho yake akampigia simu mke wangu, akiongea kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa pole.

"Mwanangu, mkwe asijisikie vibaya. Shida ni za kila mtu. Gari ameliuza lini?"

"Gari gani, mama? Gari tunalo."

"Lile lake lina macho mawili mekundu. Jana nimesimama pale, nimepunga, sikuona kitu. Mlikuja na gari la watu."

"Mama, ni lile lile. Si ulituona tukiondoka?"

"Mimi siku hizi nayaona yale mekundu tu. Vingine vyote ni ukungu."

Simu ilikuwa kwenye spika, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Mke wangu akauliza ukungu huo toka lini. Mama akasema toka mavuno ya mwaka juzi, na kwamba si kitu, ni uzee, na jagi je? Mke wangu alipokata simu alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia. Miaka miwili mama anazipungia taa, sisi tunadhani anatupungia sisi. Nilijisikia vibaya sana, na nilijisikia vibaya zaidi kwamba taa zangu za kipuuzi ndizo zilizogundua jambo ambalo mimi na elimu yangu sikuligundua.

Shemeji mmoja akampeleka zahanati ya pale, wakamwangalia, wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limekomaa. Bahati nzuri wiki ile ile madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali moja ya hapa mjini. Akipasuliwa, ataona. Akichelewa, hata yale mekundu yatazima. Ilikuwa ni kumleta tu.

Kumleta! Kwenye basi hapandi. Mara ya mwisho alishushwa kituo kisicho chake, akakaa kwenye jiwe nusu siku akisubiri kusikia sauti anayoijua. Bodaboda hataki hata kuisikia. Na gari la mkwe ni mwiko, atakaaje ndani ya kibati kimoja na mkwe wake, pumzi kwa pumzi? Mke wangu akabembeleza, akagomba, akabembeleza tena. Mwisho mama akalegea, ila kwa masharti. Katikati ya gari litundikwe pazia. Kioo cha ndani kifunikwe, mkwe asije akamwona humo. Na mkwe azirudishe taa zake.

"Nitaingia kwenye gari la mkwe wangu ninalolijua," alisema. "Kwenye hilo jeusi siingii, hata mnifunge kamba."

Ubishi wa familia hiyo naujua, nimeuoa. Nikarudi kwenye sufuria la keki.

Ya kushoto ilifunguka, nikaibandua tinti, nikaisafisha kwa dawa ya meno mpaka ikawa mpya. Ya kulia ikagoma. Na mimi subira sikujaliwa, nikaongeza mkaa, nikaongeza tena, nikaenda mara moja kubishana na jirani juu ya penalti. Niliporudi kioo chake kilikuwa kimejikunja kama chapati. Maduka ya spea mji mzima hakuna ya aina ile. Dar ipo, lakini mpaka ifike madaktari wameshaondoka. Nilizunguka uani nikiongea peke yangu, na nilikuwa naogopa kweli, maana sasa macho ya yule mama yalikuwa yamesimama juu ya plastiki nyekundu.

Nikaingia jikoni kunywa maji. Kabatini, juu kabisa, likinitazama, lilikuwa jagi.

Jamani, mngefanya nini? Wekundu ule ule, na mwanga unapenya. Nilipasha kisu kwenye mkaa, nikalikata. Upande mmoja lilikuwa limeungua kidogo toka zamani, upande mwingine mpini, pakabaki sehemu moja tu nzima ya kutosha taa, na hapo ndipo palipokuwa na ua. Nikajisemea, ua lina nini, mwenyewe si haoni? Nikaligundisha, nikapiga msasa pembeni, nikawasha. Taa iliwaka vizuri, ua likiwa katikati. Mabaki nikayafukia nyuma ya choo, na mke wangu alipouliza jagi nikasema nadhani liko kwa jirani, yule wa penalti.

Tulimchukua Haneti mapema. Mama alisimama nyuma ya gari kwanza, mimi nimekaa kwenye usukani natazama mbele kama sanamu. Nikakanyaga breki. Nikamsikia akisema, "Ee, ndilo," kisha akaingia nyuma na mke wangu. Kanga mbili zilikuwa zimening'inia nyuma ya kichwa changu, ya tatu nimefunika kioo. Safari nzima hakuna aliyesema neno. Nilikohoa mara moja nikajilaumu.

Msalato tukasimamishwa na askari. Akainama dirishani, akatazama kanga, akatazama kioo.

"Mzee, umefunika kioo kwa nini? Umebeba nini huko nyuma?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwanangu, huyo ni mkwe wangu."

Askari akanyooka wima. "Shikamoo mama." Akaniangalia mimi kwa huruma. "Mama mkwe wangu mimi alikubali bodaboda, nikamfuata kwa miguu mpaka kituo cha afya. Kanga ya kioo itoe, kaka, hilo siwezi. Kigeuze juu, utaona paa." Nikakigeuza, nikaona paa mpaka mjini.

Mama akapasuliwa jicho lile la kulia, akalala kwetu na bandeji. Nyumbani kwangu mwenyewe nikawa napita mlango wa jikoni nikikohoa kama mgonjwa wa kifua. Kesho yake tukarudi hospitali kufungua. Mimi nilibaki nje, nimesimama upande wa mbele wa gari, nimewapa mgongo kama adabu inavyotaka. Nikasikia ndara zake zikija polepole kwenye changarawe, na mke wangu akisema kwa sauti, kusudi nisikie, "Daktari anasema imekwenda vizuri. Ila mama akiulizwa, anasema anaona mwanga. Basi. Mwanga tu."

Mwanga hata zamani alikuwa anauona. Nikaomba kimoyomoyo, mimi ambaye kanisani huenda kwa kusukumwa.

Ndara zikazunguka nyuma ya gari, zikasimama. Kisha nikasikia ukucha ukikwaruza plastiki, kwrr, kwrr, upande wa kulia.

"Hili ua," mama akasema, "si la jagi langu?"

Mke wangu naye nadhani aliinama kuangalia, maana nilisikia "Yesu wangu!" halafu kicheko kilichogeuka kilio katikati.

"Mwambie mkwe wangu," mama akamwambia binti yake, akipaza sauti ili inifikie bila kunisemesha, "mtu hachukui jagi la mama mkwe wake akaliwashia indiketa."

"Nitamwambia, mama." Mke wangu alikuwa amekwama kati ya kucheka na kulia, hajiwezi.

"Na umwambie," akaendelea taratibu, na nikajua amenyanyua uso kutoka kwenye taa, "kisogoni ameanza kupata upara."

Nilibaki pale pale nimewapa mgongo, mkono kisogoni, nikicheka huku machozi yananitoka, na sikugeuka.